Cheti na Ujirani: Historia ya Kuandikishwa kwa Raia Wapya Tanzania na Wajibu wa Daftari la Usharika

1. Utangulizi

Bukundi ni kata ya Wilaya ya Meatu katika Mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Iko mbali na mipaka ya nchi. Mtu aliyezaliwa huko katika miaka ya 1950 au 1960 aliweza kulima, kufuga, kuoa, kupiga kura, kuzeeka na kuzikwa bila kuulizwa hata siku moja kama yeye ni raia. Kwa kawaida hakuwa na cheti cha kuzaliwa, wala hakukihitaji. Wazee wa kijiji walimjua, majirani walimjua, na kama alibatizwa, jina lake liliandikwa katika daftari la usharika. Kwa mambo ya nchi, hayo yalimtosha.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 wafugaji wengi wa Usukuma waliswaga ng'ombe wao kuelekea kusini na magharibi kutafuta malisho, hata wakafika Mpanda na bonde la Rukwa. Huko waliwakuta watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakiishi katika makazi ya Katumba na Mishamo. Msukuma aliyefika jana hakuwa na karatasi yoyote, naye alikuwa raia. Kijana aliyezaliwa Katumba mwaka 1975, akasoma katika shule ya msingi ya hapo na kuimba wimbo wa taifa kila asubuhi, alikuwa katika orodha ya mkuu wa makazi, na alipotaka kusafiri aliandikiwa kibali. Karatasi alikuwa nazo, lakini raia hakuwa.

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza historia ya jambo hilo, yaani jinsi watu waliokuja Tanzania kutoka nje walivyofanywa raia, na jinsi kumbukumbu zao zilivyotunzwa, zilivyocheleweshwa au zilivyokosekana. Tunadai kwamba katika historia hiyo taifa letu limekuwa jepesi kutoa neno la kukaribisha, lakini zito kutoa cheti. Na kwamba kati ya neno na cheti ndipo watu wengi walipoteseka. Tunadai pia kwamba Kanisa si mtazamaji katika habari hii. Kanisa lilikuwapo tangu mwanzo, na hata leo linashika mikononi mwake kitabu kimoja kinachoweza kumsaidia au kumwangusha mtu.

2. Ujirani kabla ya sheria

Kabla ya ukoloni, jamii za nchi hii zilikuwa na njia zao za kumfanya mgeni kuwa mwenyeji. Usukumani mgeni aliyetaka kukaa alikwenda kwa ng'wanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya ntemi, akaonyeshwa mahali pa kujenga na pa kulima. Tangu hapo alipimwa kwa ujirani wake katika nzengo: je, anashiriki kazi za pamoja, anakwenda msibani, anaitika kilio cha usiku? Aliyefanya hayo alihesabiwa kuwa mtu wa hapo, na watoto wake hawakuulizwa asili yao kila mara. Hatusemi kwamba njia hiyo haikuwa na kasoro, kwa maana jirani aliyechukiwa aliweza kufukuzwa bila mahali pa kukata rufani. Tunasema tu kwamba haki ya kukaa ilitokana na kujulikana.

Wakoloni walileta mipaka. Chini ya Wajerumani, nchi za Rwanda na Urundi zilikuwa sehemu ya koloni moja na Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza zilitengwa: Waingereza wakapewa Tanganyika, na Wabelgiji wakapewa Ruanda-Urundi. Watu wa Buha na watu wa Urundi, walioelewana kwa lugha na kuoana, wakajikuta chini ya serikali mbili. Hata hivyo mpaka haukuwazuia kutembea. Katika utawala wa Waingereza Warundi na Wanyarwanda wengi walikuja Tanganyika kama vibarua wa mashamba ya mkonge na kazi nyinginezo, na baadhi yao hawakurudi. Walijenga, wakaoa, wakazaa. Kwa majirani walikuwa watu wa hapo. Kwa sheria iliyokuwa inakuja, ilibaki kuonekana.

3. Uraia wa mwaka 1961

Tanganyika ilipojiandaa kupokea uhuru wake, Bunge lilijadili mwezi Oktoba 1961 nani atakuwa raia wa nchi mpya. Walikuwapo wabunge waliotaka uraia ufungamanishwe na rangi, ili watu wenye asili ya Ulaya na Asia wasiupate kwa usawa na Waafrika. Mwalimu Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alipinga jambo hilo kwa ukali, akaonya kwamba taifa linaloanza kuwabagua watu kwa rangi halitajua mahali pa kukomea. Msimamo wake ulishinda. Uamuzi huo ni miongoni mwa mambo ya heshima katika historia yetu, nao wastahili kufundishwa katika vyuo vyetu.

Lakini yafaa tutazame pia jinsi sheria yenyewe ilivyofanya kazi. Ilipofika tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa Tanganyika, akiwa chini ya ulinzi au uraia wa Kiingereza, na ambaye angalau mzazi wake mmoja alizaliwa Tanganyika, alikuwa raia mara moja. Aliyezaliwa hapa na wazazi waliozaliwa nje wote wawili alipaswa kujiandikisha, naye alipewa muda wa miaka miwili. Kwa mfanyabiashara wa mjini mwenye wakili, hilo lilikuwa jambo la kujaza fomu. Kwa mtoto wa kibarua aliyekaa kijijini, ambaye hakupata kusikia habari za fomu hiyo, muda ulipita kimya. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwandika. Aliendelea kuishi kwa ujirani kama zamani, wala hakujua kwamba mlango ulikuwa umefungwa nyuma yake.

Madhara ya kimya hicho yaliweza kujitokeza baada ya miaka arobaini. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari anayejulikana sana, ambaye alikuwa amekwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, aliambiwa na serikali kwamba yeye si raia. Baadaye aliomba uraia akapewa. Ikiwa mtu aliyeitumikia nchi katika ofisi kubwa namna hiyo aliweza kuulizwa swali hilo, tunaweza kufikiri juu ya mkulima asiye na jina magazetini.

4. Kanisa katika makazi ya wakimbizi

Tangu mwaka 1959 Watutsi wa Rwanda walianza kukimbia nchi yao, na baadhi yao wakaingia Tanganyika. Mwaka 1964 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha huduma ya Kikristo kwa wakimbizi wa Tanganyika, ambayo watu wengi huijua kwa herufi zake, TCRS. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwahudumia Wanyarwanda waliotolewa Kongo na kupelekwa Mwese, katika milima ya Mpanda. Ulikuwapo mkataba wa pande tatu: Serikali ilitoa ardhi na usimamizi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitafuta fedha, na TCRS ilifanya kazi yenyewe ya kufyeka misitu, kuchimba visima, kujenga shule na zahanati.

Mwezi Aprili 1972 mauaji makubwa yalianza Burundi. Wahutu wengi, hasa waliosoma, waliuawa, na makumi ya maelfu wakavuka mpaka. Walipelekwa Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba karibu na Mpanda. Ulyankulu ilipozidiwa na watu kupita uwezo wa ardhi na maji yake, sehemu yao walihamishiwa Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978, ambako kila jamaa ilipewa shamba la hekta 5. Wengi wa wakimbizi hao hawakuwa Walutheri. Walikuwapo Wakatoliki, Wapentekoste na Waanglikana. TCRS iliwahudumia wote, na hilo latosha kuwa somo katika darasa la diakonia.

Katika miaka michache misitu ile ikawa mashamba. Wakimbizi waliacha kupokea chakula cha msaada, wakaanza kuuza mahindi, maharage na tumbaku, na kulipa kodi. TCRS ilikabidhi makazi kwa Serikali moja baada ya jingine: Katumba mwaka 1978, Ulyankulu mwaka 1980, na Mishamo mwaka 1985. Kwa kipimo cha chakula na shule, kazi ilikuwa imekamilika.

Kwa kipimo cha sheria kazi haikuwa imeanza. Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya mwaka 1965 ilimweka mkimbizi chini ya mkuu wa makazi, na bila kibali chake mtu hakuruhusiwa kutoka. Mtoto aliyezaliwa makazini alihesabiwa kuwa mkimbizi kama wazazi wake. Hapa hatuna budi kuuliza swali ambalo wafanyakazi wa wakati ule hawakulazimika kulijibu: je, diakonia iliyompa mtu shamba, shule na zahanati, ikamwacha bila jina katika daftari la taifa, ilikuwa imefika mwisho wake? Hatulaumu. Wakimbizi wenyewe kwa sehemu kubwa hawakutaka uraia wakati ule. Mtaalamu Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katika miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, aliwakuta watu waliojiona kuwa taifa lililo uhamishoni, wakingoja siku ya kurudi. Kuukubali uraia wa Tanzania kungekuwa kwao kama kuifuta habari ya wafu wao.

5. Wanyarwanda mwaka 1980 na Warundi mwaka 2007 hadi 2014

Mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza kuwapa uraia Wanyarwanda waliokuwa makazini, watu wapatao 36,000. Afrika ilikuwa haijaona jambo kama hilo, na mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen na Umoja wa Mataifa. Lakini kutangaza si kuandikisha. Kila mtu alipaswa kujaza fomu, kuthibitishwa na kupewa cheti chake mwenyewe, na kazi hiyo ilikwenda polepole kuliko tangazo.

Kisha nyakati zikabadilika. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, na mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, wakimbizi waliingia Kigoma na Ngara kwa wingi usio na mfano. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja. Moyo wa ukarimu ulichoka. Sheria mpya ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilisisitiza kambi na kurudi kwao, wala si makazi na mashamba. Neno mkimbizi, ambalo zamani liliamsha huruma, likaanza kutajwa pamoja na ujambazi na silaha.

Katika hali hiyo uamuzi uliofuata ni wa kushangaza. Mwaka 2007 wakimbizi wa mwaka 1972 waliokuwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walihesabiwa, wakaonekana wamefika zaidi ya 200,000, wengi wao wakiwa wamezaliwa Tanzania. Waliulizwa wanataka nini. Karibu watu wanne kati ya kila watano walitaka kubaki na kuwa raia. Watoto na wajukuu wa wale waliongoja kurudi walikuwa wamechagua. Zaidi ya 50,000 walisaidiwa kurudi Burundi. Waliobaki waliomba uraia, Serikali ikawasamehe ada, na kufikia mwaka 2010 ilitangazwa kwamba watu 162,156 wamekubaliwa.

Lakini cheti hakikuja. Mpango wa Serikali ulikuwa kwamba makazi yafungwe, na raia wapya wasambazwe katika mikoa mbalimbali. Ndipo kila mtu apewe cheti huko aendako. Nia ilikuwa kuzuia wasibaki kundi la pembeni. Mpango huo ulihitaji fedha nyingi, mikoa iliyopaswa kuwapokea ilikuwa na mashaka, na mwaka 2011 ulisimamishwa. Basi watu hao wakabaki katikati. Walikuwa wameukana uraia wa Burundi. Hawakuhesabiwa tena kuwa wakimbizi kama awali. Na uraia wa Tanzania walikuwa wameusikia kwa masikio tu. Waliotaka kutoka nje ya makazi waliendelea kuhitaji kibali. Wengine walisita kujenga nyumba ya kudumu au kupanda miti ya matunda, kwa kuwa hawakujua kama mavuno watayala wao.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka minne. Mwezi Oktoba 2014, Rais Jakaya Kikwete alianzisha ugawaji wa vyeti, na sharti la kuhama likaachwa. Tangu kuvuka mpaka mwaka 1972 ilikuwa imepita miaka 42, muda ambao katika Maandiko ulitosha Israeli kuvuka jangwa.

6. Wale waliorudi kwao na wale waliotolewa

Mifano miwili mingine yatufaa. Wa kwanza ni wa Wazigua wa Somalia. Mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi za Tanga na kupelekwa bonde la Mto Juba. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, baadhi ya wajukuu zao walikuja kwa njia ya bahari hadi Tanga, wengine wakiwa bado wanasema Kizigua. Mwaka 2003 walihamishiwa Chogo, wilayani Handeni, na katika miaka iliyofuata wengi wao wakapewa uraia. Majirani waliwatambua kwa lugha na kwa majina ya koo. Hata hivyo, mtu aliyerudi katika nchi ya babu yake alipaswa kuapa kama mgeni yeyote, kwa maana utumwa hauachi hati ya kuzaliwa.

Wa pili ni wa huzuni. Mwezi Julai 2013 Serikali iliwaagiza wahamiaji wasio halali wa mikoa ya magharibi waondoke, na mwezi Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Maelfu walivushwa kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Hatukatai kwamba dola ina haki ya kulinda mipaka yake, wala kwamba ujambazi uliwatesa wananchi wa Kagera na Kigoma. Lakini kati ya waliovushwa walikuwamo watu waliosema wamekaa nchini kwa miongo mingi, wake na waume wa Watanzania, na wengine waliodai kuwa raia. Siku kama hiyo jirani anaweza kukujua kuwa mtu wa hapo na bado asiwe na la kufanya. Askari huuliza karatasi.

7. Sheria ya sasa na swali la kumbukumbu

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yataja njia tatu: kuzaliwa, kurithi na kuandikishwa, ambayo katika lugha ya Idara ya Uhamiaji huitwa tajnisi. Mwombaji wa tajnisi yampasa awe amekaa nchini mfululizo miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema, na awe mtu ambaye taifa limefaidika na laweza kufaidika naye. Hutangaza maombi yake gazetini ili mwenye pingamizi alete. Maombi hupitia ngazi za chini hadi kumfikia Waziri, naye halazimiki kutoa sababu akikataa. Akikubaliwa, mwombaji huukana uraia wa kwanza na kula kiapo. Yafaa kukumbuka kwamba raia wa tajnisi aweza kunyang'anywa uraia kwa sababu zilizotajwa katika sheria, jambo lisilompata raia wa kuzaliwa.

Tukiyatazama masharti hayo tutaona kwamba karibu yote yanadai kumbukumbu. Miaka 7 huthibitishwa kwa nini? Mtu hutafuta barua ya kijiji, cheti cha shule, hati ya ndoa, kadi ya zahanati, nakala kutoka katika jalada la uhamiaji au la makazi. Mwenye kukaa mjini huenda ofisini asubuhi akarudi jioni. Mwenye kukaa kijijini husafiri hadi makao makuu ya wilaya, na pengine ya mkoa; huambiwa jalada halionekani, au jina limeandikwa kwa herufi nyingine; hurudi, hukopa nauli, huenda tena.

Wala shida hii si ya wageni peke yao tena. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa iliundwa mwaka 2008, na tangu ilipoanza kuandikisha watu, kila Mtanzania huulizwa habari za wazazi wake na mahali walipozaliwa. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, laini za simu ziliposajiliwa kwa alama za vidole, hata wazee wa vijijini walitafuta namba ya kitambulisho. Mtu wa Bukundi, ambaye baba yake hakupata kuulizwa, sasa anaulizwa. Akiwa na ofisi yoyote ya kufuatilia mkoani, safari yake ni hadi Bariadi, kama zamani ilivyokuwa hadi Shinyanga. Na yule ambaye bibi yake alitoka Urundi kama mke wa kibarua atatetemeka kidogo anapojaza nafasi hiyo, ijapokuwa yeye ni raia kamili.

8. Daftari la usharika

Hapa ndipo historia inapomfikia mchungaji. Katika vijiji vingi daftari la ubatizo ni kumbukumbu ya zamani kuliko kumbukumbu zote. Lina jina la mtoto, tarehe, wazazi, wadhamini, mahali na sahihi. Liliandikwa wakati ambapo hakuna aliyefikiri habari ya uraia, na kwa sababu hiyo ushahidi wake una uzito: mwandishi hakuwa na sababu ya kudanganya. Si hati ya Serikali, wala haichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Lakini mtu asiye na cheti huanza kutafuta pale palipoandikwa jina lake mara ya kwanza.

Kwa jadi yetu ya Kilutheri jambo hili lina uzito wa pekee. Luther alifundisha kwamba Mungu hutawala kwa njia mbili, kwa Neno na kwa dola, nasi tusizichanganye. Ubatizo ni wa utawala wa kwanza. Uraia ni wa pili. Kubatizwa hakumfanyi mtu kuwa Mtanzania, na kukosa cheti cha Tanzania hakumpunguzii mtu ubatizo wake. Hata hivyo tawala zote mbili ni za Mungu mmoja, na mtu anayehudumiwa ni mmoja. Daftari letu limekaa mahali zinapokutana. Mtume Paulo hakuona aibu kuutaja uraia wake wa Rumi alipokuwa karibu kupigwa mijeledi, na yule jemadari aliyeununua uraia kwa fedha nyingi aliogopa. Paulo alijua kwamba uenyeji wa mbinguni haumkatazi mtu kudai haki yake duniani.

Kutokana na hayo twaona wajibu wa aina tatu. Kwanza, kuandika kwa usahihi. Jina likiandikwa Yohana leo na Yohane kesho, au tarehe ikiachwa wazi kwa uvivu, mtoto huyo anaweza kuzungushwa ofisini miaka thelathini baadaye. Daftari likiliwa na mchwa au kulowa mvua, kijiji kizima kimepoteza shahidi.

Pili, kusema kweli. Wapo watakaomjia mchungaji wakiomba cheti cha ubatizo usiotendeka, au tarehe irudishwe nyuma, au mahali pa kuzaliwa pabadilishwe. Mwombaji aweza kuwa mtu mwema mwenye shida ya kweli, na machozi yake yakawa ya kweli. Hata hivyo mchungaji akiandika uongo mmoja, ameondoa thamani ya kila ukurasa wa daftari lile, na watakaoumia ni wale ambao habari zao ni za kweli. Huruma yake na imtume kumsindikiza mtu huyo kwa mtendaji wa kijiji na kwa ofisa wa uhamiaji. Isiushike mkono wake wenye kalamu.

Tatu, kutokimbia. Ni rahisi kwa mchungaji kusema kwamba mambo ya uraia ni ya Serikali, asije akaonekana mtetezi wa wageni. Lakini anayejua kwamba mtu amekaa katika usharika wake miaka ishirini, akakataa kulisema hilo kwa maandishi anapoombwa, amemshuhudia jirani yake uongo kwa njia ya kunyamaza. Katika kuieleza amri ya nane, Katekisimo Ndogo hutudai zaidi ya kutosema uongo. Hutudai tumtetee jirani.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba Tanzania ilikataa uraia wa rangi mwaka 1961, iliwakaribisha Wanyarwanda mwaka 1980, na iliwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 kwa mara moja, tendo ambalo nchi zenye mali nyingi kuliko yetu hazijalithubutu. Tumeona pia kwamba baada ya kila neno jema kulikuwa na kungoja, na kwamba waliongoja hawakuwa na njia ya kuharakisha. Ukarimu wa taifa letu haukukosa moyo. Ulikosa makarani, majalada na nauli.

Leo mtoto aliyezaliwa Katumba na mtoto aliyezaliwa Bukundi ni raia wa nchi moja. Yawezekana wanachunga na kulima katika bonde moja, na kugombana juu ya mpaka wa shamba kama majirani wote wagombanavyo. Ni vema wagombane wakiwa sawa mbele ya hakimu. Ili usawa huo udumu, hauwezi kutegemea kumbukumbu za wazee peke yake, kwa maana wazee hufa. Wanafunzi wa theolojia watakaopelekwa katika sharika za mbali watakabidhiwa funguo za kanisa, vyombo vya Meza ya Bwana, na daftari. Tunawasihi wasiliweke daftari hilo chini kabisa ya kabati.